Kupata Nafasi ya Kuandika Ukiwa na Ajira na Familia: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watu wengi wenye ajira, watoto na safari ndefu ya kila siku husema kwamba wangeandika laiti wangekuwa na muda, lakini ikitokea sikukuu, nyumba ikatulia na muda ukapatikana, hukaa mbele ya karatasi saa nzima wasiandike cha maana. Upungufu wa saa, basi, si tatizo lote. Kinachowashinda wengi zaidi ni kuirudia kazi waliyoiacha: aandikaye kila siku hana haja ya kujikumbusha alipoishia, ilhali aandikaye mara moja kwa wiki mbili humaliza kipindi chake chote akijikumbusha, na akishakumbuka, muda umekwisha. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulikia mambo mawili kwa pamoja, yaani namna ya kupata kipande kidogo cha muda kinachojirudia, na namna ya kukiandaa ili ukikaa tu uwe umeshaingia kazini.

Mifano mingi nimeichukua Dar es Salaam; msomaji wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura ataona mwenyewe pa kubadilisha. Wala jambo lenyewe si geni katika fasihi yetu. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani serikalini mwaka 1926, akaanzia kazi ya forodha Pangani, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyatunga akiwa mtumishi wa serikali.

Hatua ya kwanza: chunguza wiki yako

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua wiki moja ya kawaida, isiyo na safari wala shughuli kubwa, uandike katika daftari jinsi kila siku inavyopita. Safu tatu zinatosha: saa, ulichokuwa ukifanya, na hali ya akili yako wakati huo. Safu ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Nusu saa ya kuanzia saa nne usiku, vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wamelala, ni nusu saa kwa mujibu wa saa ya ukutani, lakini kwa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri haifai kutungia hata sentensi moja. Inafaa kunakili yaliyokwisha kuandikwa, au kulala.

Usitafute saa mbili mfululizo, kwa kuwa hutaziona, na ukiziona zitachukuliwa na mgeni. Tafuta vipande vya dakika 20 hadi 40 vinavyotokea karibu kila siku kwa wakati uleule. Utavikuta vya aina mbili: vile ambavyo wewe ndiye mwenye uamuzi navyo, na vile vya kusubiri, kama foleni ya benki, benchi la hospitali au kikao kilichoitishwa saa nane kikaanza saa tisa. Vya kwanza ni vya kutunga. Vya pili vina kazi nyingine, ambayo nitaieleza katika hatua ya tano.

Daftari hilo litakuonyesha pia kitu cha kuacha, maana muda wa kuandika lazima utoke mahali. Tamthilia ya kila jioni ni rahisi kuipunguza. Vikao vya harusi navyo vinapunguzika kuliko tunavyodhani: toa mchango wako mapema na kwa ukamilifu, uhudhurie kikao cha kwanza na cha mwisho, na kamati itaendelea vizuri bila maoni yako kuhusu rangi ya vitambaa. Msiba ni jambo tofauti kabisa. Msibani nenda, kaa na wafiwa, na daftari liache nyumbani.

Hatua ya pili: chagua kipindi kimoja, ukipime

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuamka mapema, na kwa watu fulani ni ushauri mzuri. Anayeswali alfajiri tayari ameamka wakati wengine wamelala, na kwa kuwa pwani yetu iko karibu na ikweta, saa ya kupambazuka haibadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima, hivyo kipindi kilichowekwa baada ya swala kinaweza kudumu mahali pake miezi yote. Anayeishi karibu na kazini naye anaweza kuandika kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, kisha akaoga na kuondoka.

Lakini mkazi wa Chanika, Mbagala au Kibaha anayefanya kazi katikati ya jiji hana alfajiri. Saa kumi na moja tayari yuko kituoni, kwa sababu akichelewa nusu saa foleni itamla saa nzima. Kumwambia mtu huyu aamke mapema zaidi ni kumwibia usingizi, na mwili utadai deni hilo kabla mwezi haujaisha. Yeye nafasi yake iko upande wa pili wa safari. Ofisi za serikali Tanzania huanza kazi saa 1:30 asubuhi, na mtu aliyekimbia foleni huweza kufika saa 12:30 au saa moja kasoro. Muda huo hadi kazi kuanza, ambao wengi huutumia kusinzia kwenye kiti au kupitia ujumbe wa simu, ndio kipindi bora ninachokijua kwa mwajiriwa wa mjini: safari imeshakwisha, hakuna anayekuita, na mwisho wake unajulikana. Jioni pia kuna nafasi ya namna hiyo kwa asiyesubiriwa nyumbani, kwani anayebaki ofisini saa moja baada ya kazi mara nyingine hufika kwake karibu wakati mmoja na aliyekwama barabarani.

Kwa wenye ratiba za zamu mambo ni magumu zaidi. Muuguzi anayefanya zamu ya asubuhi wiki hii na ya usiku wiki ijayo hawezi kushika saa moja ya ukutani. Huyo afunge kipindi chake kwenye tukio badala ya saa: dakika 30 baada ya kuamka, iwe ameamka alfajiri au ameamka saa tisa alasiri baada ya zamu ya usiku. Mwenye duka atumie saa ambayo biashara hupoa, ambayo anaijua vizuri kuliko mtu yeyote, ila akubali kwamba mteja akija atasimama, na kwa hiyo hatua ya nne inamhusu yeye kuliko wote.

Ukishachagua, kipime kipindi hicho kwa wiki mbili kabla ya kukihukumu. Jambo la kuangalia ni iwapo ulikaa. Ubora wa ulichoandika hauna hesabu katika wiki hizo. Ikiwa katika wiki mbili umekosa zaidi ya nusu ya siku, saa hiyo si yako, na kujilaumu hakutaigeuza kuwa yako. Chagua nyingine.

Hatua ya tatu: kubaliana na watu wa nyumbani

Anayeandika nyumbani anaonekana hafanyi kitu. Amekaa, anatazama dirishani, na hakuna pesa inayoingia. Usitegemee watu wakuelewe bila kuambiwa. Waeleze wenzako wa nyumbani kipindi chako ni cha saa ngapi hadi saa ngapi, na mkazo uuweke kwenye mwisho wake, kwa sababu watu huvumilia kitu chenye mwisho. Kisha ukifika mwisho huo, simama kweli. Mke akisema, “Baba Zuhura, nusu saa yako imekwisha, njoo umsikilize mwanao hesabu,” aliyeinuka mara moja atapewa nusu saa ya kesho bila maneno, na aliyeomba dakika tano mara tatu ataanza kubishaniwa.

Lazima isemwe pia kwamba jambo hili halina uzito sawa kwa wote. Mwanamume akifunga mlango watoto huambiwa baba ana kazi. Mwanamke akifunga mlango watoto hugonga. Kwa akina mama wengi kipindi cha kuandika ndani ya nyumba hakipatikani kwa maelewano peke yake, bali kwa kubadilishana zamu ya wazi na mume, dada au mama mkwe (mimi nakaa na watoto Jumamosi asubuhi, wewe Jumamosi jioni), au kwa kutoka nje kabisa. Maktaba ya mkoa, chumba cha darasa kisichotumika baada ya vipindi, au baraza la jirani asiyekuwapo mchana vinafaa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako hakuna atakayekuuliza chumvi iko wapi.

Hatua ya nne: acha maelezo ya kesho kabla hujainuka

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na kama msomaji atachukua moja tu, achukue hii. Dakika tatu za mwisho za kila kipindi usitunge. Ziweke kwa ajili ya kumwandikia mtu atakayekaa kwenye kiti hicho kesho, yaani wewe mwenyewe ukiwa umechoka na umesahau.

Maelezo hayo yana namna ya kuandikwa. Tuseme unatunga hadithi ya mchuuzi wa samaki, na umeishia pale anapofika mnadani. Ukijiandikia “endelea na sura ya tatu”, hujajiachia kitu. Kesho utalazimika kusoma sura nzima ili ujue kuendelea maana yake nini. Ujiandikie hivi:

“Mwanaidi amefika Feri, mnada umekwisha. Pesa ya mkopo bado imefungwa kwenye pindo la khanga, nzima. Anakutana na shemeji yake. Shemeji anaulizia hali ya mtoto, hataji deni. Mwanaidi anajua kwamba anajua. Anza na swali la shemeji. Usieleze deni lilitoka wapi, hilo litakuja jioni.”

Maelezo haya yanasema mhusika yuko wapi, ana nini mkononi, nani anaingia, sentensi ya kwanza ya kesho itakuwa ipi, na jambo gani lisiguswe. Ukikaa, kalamu inaanza na swali la shemeji kabla hujapata nafasi ya kujiuliza kama unajua kuandika. Kwa makala au kumbukumbu kanuni ni ileile: taja hoja inayofuata, ushahidi wake uko kwenye daftari gani, na aya inaanza na neno gani.

Kutokana na hilo kuna jambo la pili, ambalo mwanzoni huwa gumu kulikubali. Simama ukiwa bado unajua kinachofuata. Anayeandika mpaka akaishiwa hurudi kesho akiwa na ukuta mbele yake. Anayesimama katikati ya mazungumzo ya wahusika wawili hurudi akiwakuta bado wanazungumza. Mwenye duka anayekatizwa na mteja analifanya hili bila kupenda, na mara nyingi ni faida kwake, mradi aandike maneno machache pembeni kabla hajauza hiyo sabuni.

Hatua ya tano: kila aina ya muda na kazi yake

Kuandika si kazi moja. Kuna kutunga, kukusanya, kunakili, kuhakiki na kusoma, na ni kutunga peke yake kunakohitaji kile kipindi ulichokichagua. Nyingine zote ziondoe humo. Ukiwa unatunga ukakuta hujui bei ya kreti la dagaa au mwaka ambao daraja fulani lilifunguliwa, weka nyota tatu mahali pake uendelee. Ukifungua intaneti kutafuta mwaka wa daraja, utajikuta unatazama ajali ya lori Morogoro. Nyota hizo utazijaza kwenye benchi la benki.

Safari ya daladala wengi huiona kama hazina, nami nina shaka kidogo. Ukiwa umesimama huandiki, na ukiwa umekaa dirishani na simu mkononi unaweza kuporwa simu hiyo kwenye kituo kinachofuata pamoja na sura zako zote. Safari itumie kusikiliza na kuwaza. Lahaja, matusi ya heshima, konda anavyodai nauli na abiria anavyomkwepa ni mali ya mwandishi, nayo haihitaji kalamu mpaka ushuke. Ukishuka, tafuta kivuli, jirekodi sauti kwa nusu dakika, uendelee na njia.

Mtunzi wa mashairi ndiye mwenye bahati ya kweli barabarani. Ubeti wa utenzi una mistari minne yenye mizani nane kila mmoja, jumla mizani 32 tu, na vina vyake vinausaidia ukae kichwani bila karatasi. Mtu anaweza kuutunga kutoka Ubungo, akaurudia kimoyomoyo, akasahihisha kina kilicholegea, na kufika Posta akiwa nao mzima. Tarbia ya mizani 16 kwa mstari ni nzito zaidi lakini nayo inabebeka. Ikiwa maisha yako hayana hata dakika 20 za kukaa chini, usijilazimishe kuandika riwaya mwaka huu. Tunga beti, ambazo ziliundwa kwa ajili ya kukaa kichwani na kutamkwa.

Hatua ya sita: jiwekee kiwango kidogo

Pima kwa maneno au kwa beti, usipime kwa saa, na kiwango kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya kinafikika. Maneno 200 kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka ni maneno 36,000. Ukihesabu maneno 250 kwa ukurasa uliochapwa kwa nafasi mbili, hizo ni zaidi ya kurasa 140, na hapo umebakiza wiki saba za kuugua, kuuguza na kusafiri. Ukizidisha siku moja, usiipunguzie siku inayofuata.

Kwa wanaosukumwa na tarehe ya mwisho, tuzo zinasaidia hata kwa asiyeshinda. Ipo ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell kwa ajili ya miswada ya Kiswahili, na Tanzania ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Angalia masharti ya mwaka husika mapema, hasa urefu wa mswada, ndipo ugawe kurasa kwa wiki zilizobaki.

Hatua ya saba: vifaa

Kaunta buku moja na kalamu mbili hazikatiki umeme. Andika upande mmoja wa karatasi, upande wa pili uuache kwa marekebisho na maelezo ya kesho. Ukiandika kwa simu, zima data kwa muda wa kipindi, kwani kundi la ukoo, la wazazi wa darasa la tatu na la kikoba yataweza kungoja dakika 30. Ukitumia kompyuta ya ofisi katika ile saa ya asubuhi, usiihifadhi kazi yako humo: mashine hizo hubadilishwa, hufutwa na kugawiwa watu wengine bila mtu kukuuliza. Jitumie nakala kwa barua pepe yako binafsi kila Ijumaa, na kurasa za daftari zipige picha.

Hatua ya nane: panga kukatika, na panga kurudi

Mwaka una miezi isiyo na huruma na unaijua tangu sasa. Januari ina ada na sare za shule. Ramadhani inahamisha usingizi na mapishi, ingawa wapo wanaoandika vizuri baada ya daku. Mhasibu wa serikali hana Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na mwalimu wa kidato cha nne hana nafasi mitihani inapokaribia. Mkulima wa masika ana shamba kuanzia Machi. Katika miezi hiyo teremsha kiwango hadi sentensi mbili kwa siku, hata zikiwa mbaya, ili uzi usikatike. Sentensi mbili hazikamilishi kitabu, lakini aliyeziandika bado anawajua wahusika wake kwa majina.

Ikitokea umekatika kabisa kwa mwezi au zaidi, usianze kwa kusoma mswada tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu utaanza kuurekebisha na hutafika ulipoishia. Soma maelezo ya kesho ya mwisho pamoja na kurasa mbili zilizotangulia. Halafu zinakili kurasa hizo kwa mkono, neno kwa neno, na unapofika mahali zinapoishia, endelea bila kuinua kalamu. Siku ya kwanza huenda ukapata sentensi tano. Zinatosha.

Hatua ya tisa: kusahihisha kunataka muda wa aina nyingine

Mpaka hapa nimetetea vipande vidogo, lakini rasimu ya kazi ndefu ikishakamilika vipande hivyo havifai tena kwa usomaji wa kwanza. Anayesoma mswada wa kurasa 140 kwa dakika 20 kila siku hawezi kuona kwamba shemeji alikuwa na ndevu sura ya tatu na hana sura ya kumi, wala kwamba deni limelipwa mara mbili. Hapa unahitaji siku tatu au nne zilizofuatana, na kwa mwajiriwa hizo ziko kwenye likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inampa mwajiriwa likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Iombe mapema, umwambie mwenzi wako tangu mwanzo kwamba siku nne kati ya hizo ni za mswada, na zilizobaki ni za nyumbani na za kwenda kuwaona wazee.

Chapisha nakala kwenye karatasi kabla ya siku hizo, kwa nafasi mbili na pambizo pana. Siku ya kwanza na ya pili soma yote kwa sauti bila kusahihisha, ukiweka alama tu pembeni panapokwaruza. Siku ya tatu orodhesha kasoro kubwa, zile zinazogusa zaidi ya sura moja, na siku ya nne uzipange kwa mfuatano wa kuzirekebisha. Marekebisho yenyewe yarudishe kwenye kipindi chako cha kila siku, kasoro moja kwa kikao kimoja, na ukimaliza moja ikate kwa kalamu nyekundu kabla hujainuka.